Fomu ya Ridhaa ya Mume

Jumatatu, 3 Machi

Mama mwenye nyumba alikuja leo akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kuvua viatu vyake vya mvua, nikajua hakuja kusalimia. Anauza nyumba. Mwanawe anamchukua akaishi naye ng'ambo.

"Wewe umekaa humu miaka tisa na hujanisumbua hata siku moja," akasema. "Nakupa nafasi ya kwanza. Mwisho wa Mei. Baada ya hapo dalali amuuzie anayetaka."

Mama yangu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anasikia kila neno. Macho yake yalizima miaka sita iliyopita, presha ya macho. Lakini humu ndani anatembea kama mtu anayeona: hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, kumi na nne hadi jikoni, mkono kwenye ukuta wenye ufa, mguu unajua sakafu ilipoinuka. Anajichotea maji. Anakwenda chooni bila kumwita mtu. Ukimhamisha umemfunga kitandani.

Mgeni alipoondoka Mama akauliza, "Utaweza?"

"Nitaweza."

Nimenunua daftari hili njiani nikitoka kazini jioni. Nitaandika kila nitakachoambiwa, nani kasema na lini. Watu wa ofisini wana tabia ya kusahau midomo yao wenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda benki mapema. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, mwaka wa kumi na tano sasa katika kliniki ileile, na mshahara wangu wote unapitia benki ileile. Nilidhani hilo lina uzito.

Afisa mikopo ni kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Amenipa orodha: barua ya mwajiri, hati za mshahara za miezi sita, taarifa ya akaunti, nakala ya hati ya nyumba, ramani, ripoti ya mthamini. "Ukivikamilisha viambatisho hivi, mama, wiki tatu tu," akasema.

Nimefurahi, niseme ukweli.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Barua ya mwajiri tayari. Daktari mwenye kliniki ameiandika vizuri kuliko ninavyostahili.

Ijumaa, 14 Machi

Barua ya mwajiri imekataliwa kwa sababu haina muhuri wa duara. Ina muhuri wa mraba. Nikamwambia kliniki ina muhuri mmoja tu na ni wa mraba. Akasema, "Basi iambatishwe barua nyingine ya kueleza kwamba muhuri ni wa mraba."

Kuanzia leo ninamwita Bwana Kiambatisho.

Jumatano, 19 Machi

Barua ya kueleza muhuri imepokelewa. Sasa taarifa ya akaunti imepitwa na wakati kwa siku mbili. Nimekwenda dirisha la tatu kuomba nyingine, ndani ya benki hiyohiyo, kutoka kwenye kompyuta zao wenyewe, kisha nikairudisha kwake hatua ishirini kutoka pale. Akaipokea kama vile nimeitoa mbali.

Kazini nimevunja kalibu ya jasi ya mzee mmoja ambaye anasubiri meno tangu mwezi uliopita. Nikamwomba radhi. Akacheka kwa ufizi mtupu, akasema atakula uji wiki nyingine. Nimejisikia vibaya siku nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimechemka.

Kila kitu kilikuwa kwenye faili. Bwana Kiambatisho alikuwa anageuza karatasi moja moja, akalamba kidole, akasimama.

"Hapa umeandika umeolewa."

"Kwenye karatasi. Aliondoka miaka minane iliyopita."

"Lakini hamjaachana."

"Hajarudi hata kuchukua kanzu yake ya harusi. Ninyi mnaita nini hiyo?"

"Kisheria umeolewa, mama. Kwa hiyo tunahitaji ridhaa ya mume." Akatoa fomu kwenye droo. "Atie sahihi hapa, na nakala ya kitambulisho chake."

"Mshahara ni wangu. Nyumba nanunua mimi. Ridhaa ya nini?"

"Ndiyo utaratibu."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Ninaandika hapa: saa nne na robo, tarehe ishirini na nne, kasema hakuna. Hakufungua kitabu. Hakumwuliza mtu. Ofisi ya meneja wake iko nyuma ya kioo, hata kichwa hakugeuza.

Nikapitia mahakamani. Karani akaniambia kesi ya talaka si chini ya miezi tisa, na hiyo ni kama upande wa pili hana ubishi. Mimi nina miwili.

Jumamosi, 29 Machi

Kaka amekuja. Nimemweleza. Akakaa vizuri kwenye kochi, mtu ambaye hajawahi kulipa hata bili ya maji ya nyumba hii, akasema, "Si umtafute tu mwenzako? Mwanamume anataka kuheshimiwa. Mpe anachotaka atie sahihi, yaishe."

"Anachotaka ni nini, kaka?"

"Sijui. Mwulize."

Binti yangu alikuwa mezani na hesabu zake. Ana miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na akiandika hutoa ulimi pembeni kama alipokuwa mdogo. Aliposikia baba yake anatajwa, ulimi ukarudi ndani.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempigia simu baba wa binti. Miaka minane, na bado namba ile niliijua kwa kichwa. Hilo nalo limeniudhi. Akasema, "Njoo tuongee. Mambo ya simu mimi siyawezi."

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Paa la jikoni linavuja. Mama ameweka sufuria mahali penyewe kwa kusikiliza tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Saa mbili na nusu ndani ya basi. Nilivaa nguo za kazi makusudi, asifikiri nimejipamba kwa ajili yake.

Baba wa binti ana duka la matairi sasa. Amenenepa shingo. Alinivutia kigoda katikati ya matairi mabovu, akaagiza soda ambayo sikuinywa. Nyuma ya pazia mtoto mchanga alikuwa analia, na sauti ya mwanamke inambembeleza, sauti ya mtu asiye na nguvu.

Nikampa fomu. Akaisoma yote, polepole, kidole chini ya kila mstari.

"Nyumba yako siitaki," akasema.

Nikashusha pumzi. Nilishusha mapema.

"Mke wangu hajapata nafuu tangu ajifungue. Kidonda kimekataa kufunga. Mtoto ana miezi mitatu, mimi nashinda dukani. Msichana wa kazi wa kwanza kaondoka, wa pili kaondoka. Nataka binti yangu aje."

"Kutembea?"

"Kukaa. Mwaka mmoja."

"Anasoma."

"Shule hata huku zipo. Mtoto akishapata nguvu ataanza tena."

"Yaani unataka umwachishe shule akulelee mtoto."

"Ni ndugu yake!" Akapaza sauti, na yule mtoto nyuma ya pazia akanyamaza ghafla. "Umekaa naye miaka minane, mimi nimedai nini? Nimewahi kudai kitu?"

Hajawahi kudai kitu, ni kweli. Wala kuleta. Hata daftari moja. Hata simu siku mtoto alipolazwa na homa ya mapafu. Nilikuwa na maneno hayo yote yamejipanga mdomoni, na sikusema hata moja, kwa sababu alikuwa ameshika fomu yangu mkononi.

Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Akishuka hapa na begi lake, natia sahihi siku hiyohiyo. Nitakupa mkononi."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Nitafikiri." Nikasema na "asante" kwa ile soda. Njia nzima ya kurudi nimejing'ata shavu la ndani mpaka nimeonja damu.

Jumapili, 13 Aprili

Lazima niandike hili kama lilivyokuwa, nisijipendelee.

Nilikuwa nakata vitunguu. Mama yuko kwenye mkeka wake mlangoni, binti anapanga vyombo. Nikamweleza Mama alichosema yule bwana, na sikumtoa mtoto jikoni kwanza. Najiuliza kwa nini sikumtoa. Nadhani nilitaka asikie.

Mama akasema, "Hapana. Mimi nitazoea nyumba yoyote." Hukata maneno hivyo anaposema uongo.

Binti akaweka sahani chini. "Nitakwenda, Mama."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu, la herufi sita. Nilimenya kitunguu kizima, ganda la kwanza, la pili, nikakikata vipande, na sikusema. Nikawaza hatua saba na hatua kumi na nne. Nikawaza mwisho wa Mei. Mtoto alikuwa amesimama ananitazama muda wote huo, akisubiri.

Halafu nikafungua kinywa, nikasema, "Mwaka mmoja si mwingi."

Akainama akaendelea kupanga sahani.

Jumanne, 15 Aprili

Binti anakula jikoni, Mama chumbani, mimi sebuleni.

Jumanne, 22 Aprili

Dalali ameleta mnunuzi. Bila taarifa. Mwanamume mwenye futi ya kuvuta, anapima chumba cha Mama huku Mama mwenyewe amekaa kitandani, miguu imening'inia. Futi ikampitia juu ya magoti.

"Hizi kuta zote zinashuka," akamwambia dalali. "Najenga ghala moja mpaka kule mwisho."

Mama akauliza, "Unapima nini, baba?"

"Ah, shikamoo, bibi. Sikukuona."

"Marahaba. Mimi ndiye nisiyeona hapa."

Nimewafukuza kwa ufagio. Dalali akiwa barabarani akapiga kelele, "Tarehe thelathini na moja, dada! Tutaona huo ufagio!" Na majirani wote madirishani.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Kiambatisho kumwuliza tena, huenda kuna njia. Ananiona nikiingia, anajifanya yuko kwenye simu. Simu ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Nimemsimamia mpaka akaiweka.

"Mama, nilishakueleza. Bila ridhaa ya mume faili haliendi."

Kwa hiyo ni mara mbili sasa, saa tatu asubuhi.

Jumatano, 30 Aprili

Shule zimefungwa. Nimefua nguo zote za binti. Nimezikunja, nimezipanga kwenye begi mwenyewe, sidiria, soksi, sweta. Nilikuwa na hasira na kila mtu duniani nilipokuwa nazipanga, na mikono yangu iliendelea kupanga.

Ijumaa, 2 Mei

Andika yote. Andika kabla haijapoa.

Tulifika stendi saa mbili na nusu asubuhi, mvua inamwagika. Mama alimuaga binti mlangoni kwetu kwa kumshika uso, kila mahali, paji, pua, kidevu.

Basi lilikuwa linapakia. Nikashika begi nimpe utingo, nikaliona jepesi.

"Vitabu vyako umeviweka wapi?"

"Nimeviacha."

"Kwa nini?"

"Vya nini, Mama?" Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Utingo akanyoosha mkono. "Leta mzigo, mama, tunachelewa."

Sikumpa. Yule utingo alikuwa anavuta upande wake, mimi upande wangu, anafikiri nina kichaa. Nikamnyang'anya. Nikamshika mtoto mkono, tukatoka stendi tukitembea kwa haraka, yeye anauliza tunakwenda wapi, mimi simjibu kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka asikie.

Tukaingia benki tumelowa chapachapa. Mlinzi akasema begi haliruhusiwi. Nikamwambia ajaribu kulichukua. Watu walikuwa kwenye foleni, nikaipita yote mpaka kwenye meza ya Bwana Kiambatisho, nikaliweka begi juu ya karatasi zake.

"Hii ndiyo ridhaa ya mume wangu! Imo humu ndani, nguo za mtoto! Nilikuwa nampeleka akauzwe kwa sahihi yako!"

"Mama, tafadhali, punguza sauti."

"Sipunguzi! Miezi miwili nimepunguza!"

Nyuma yangu mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Sema, dada!" na mwingine akamwunga mkono. Mlango wa kioo ukafunguka. Meneja ni mwanamke wa umri wangu, miwani kichwani. Akatuingiza ofisini sote watatu, akafunga mlango, akasoma faili langu lote. Binti alikuwa anatiririka maji kwenye zulia lake.

Meneja akainua kichwa. "Huyu mwombaji ametengana na mumewe miaka minane. Kiapo chake kiko wapi?"

Bwana Kiambatisho akasema, "Kiapo?"

"Kiapo cha kutengana. Anaapa mbele ya hakimu, anasimamiwa na mashahidi wawili, basi. Ridhaa ni kwa wanandoa wanaoishi pamoja." Akavuta kitabu kwenye rafu, akafungua, akamgeuzia. "Ukurasa wa kumi na moja."

Kijana akasoma. Nikaona sikio lake linabadilika rangi.

"Nilidhani..." akaanza.

"Ulidhani!" Sijui hiyo sauti ilitoka wapi kifuani mwangu. "Nimekuuliza kama kuna njia nyingine! Tarehe ishirini na nne Machi, saa nne na robo! Tarehe ishirini na nane Aprili, saa tatu! Nimeandika! Ukasema hakuna! Nimekwenda kupiga magoti kwa mtu ambaye nisingemwomba hata maji, kwa karatasi isiyotakiwa!"

Meneja akasema benki inaomba radhi. Nikamwambia benki haina mdomo, aombe yeye huyu mwenye mdomo. Akaomba. Nilipotazama vizuri niliona ni kijana kweli, hajafika thelathini, na kola ya lile shati imeshonwa upya kwa mkono.

Alitufuata hadi kwenye ngazi za nje. "Mama, mimi niko kwenye majaribio. Tukiuliza maswali mengi inaandikwa kwamba hatujui kazi. Niliogopa."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Nilimwambia, "Uliogopa kuuliza swali moja. Mimi nimeogopa kujibu moja. Nenda ndani, unalowa."

Jumatatu, 5 Mei

Mashahidi. Jirani amekubali mara moja. Kaka amekataa: eti kuapa mbele ya hakimu kwamba dada yake aliachwa ni kuianika familia.

Mama akamwita kutoka chumbani. Akatoka mwenyewe, hatua zake saba, akasimama mbele yake.

"Mimi ndiyo familia," akamwambia. "Utakwenda kesho. Na nauli utamlipia dada yako."

Jumanne, 6 Mei

Kiapo kimepigwa muhuri. Wa duara. Kaka hakuniangalia usoni, lakini alipotoka nje ya mahakama akanunua matunda ya Mama, mfuko mkubwa.

Baba mtu amepiga simu mara nne. Ya tano nikapokea. "Fomu yako bado ninayo mfukoni," akasema. Nikamwambia afungie karanga.

Jumanne, 13 Mei

Mvua imepungua. Mthamini amekuja, akapanda juu ya paa, akashuka akitikisa kichwa. Nimemwambia atikise anavyotaka, aandike tu.

Ijumaa, 23 Mei

Mkopo umekubaliwa. Miaka kumi na minane ya kulipa. Barua ameileta Bwana Kiambatisho mwenyewe hadi kliniki, wakati wa chakula. Nikaipokea na glavu zina jasi.

Nimemwambia Mama. Akaugusa ukuta wa chumba chake kwa kiganja chote. Nikamwambia binti. Akasema, "Hongera, Mama," kama anavyowapongeza walimu.

Ijumaa, 30 Mei

Tumetia sahihi. Mama mwenye nyumba alilia, dalali hakutokea.

Jumamosi, 31 Mei

Fundi amekuja kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Binti alikuwa ananisaidia kushika taa. Fundi alipoondoka nikamwambia yale niliyoyabeba tangu siku ya vitunguu. Nikamwambia nilikosa. Si kwamba nilichanganyikiwa, wala si kwamba benki ndiyo iliyonisukuma. Nilipima, na nikamweka yeye upande mwepesi.

Akasikiliza yote.

"Ulinirudisha," akasema.

"Nilikurudisha."

"Lakini nguo ulizipanga vizuri sana, Mama. Hata zile soksi ulizikunja mbilimbili. Kila usiku naziwaza zile soksi."

Nilitaka kumshika, nikaona mabega yake hayataki.

Akasema, "Nataka kwenda kule. Wiki moja, kabla shule hazijafunguliwa."

Kwa yule mtu? Baada ya yote? Nilikuwa tayari nimefungua mdomo.

"Si kwa ajili yake," akasema. "Yule mtoto ni ndugu yangu, na mama yake hajapona. Nitakwenda mwenyewe na nitarudi mwenyewe. Vitabu nachukua."

Mama akasema kutoka chumbani, "Mwache."

Nina hasira mpaka sasa ninapoandika. Na benki, na yule mwenye matairi, na mtoto huyu anayejua kusamehe watu asiowajua kabla ya kunisamehe mimi. Fundi aliacha funguo tatu. Nilimpa binti mmoja, ikawa mara yake ya kwanza kuwa na ufunguo wa nyumba. Akaujaribu kwenye kitasa, mara moja kufunga, mara moja kufungua, akautia mfukoni, akaenda kupanga begi lake.

Nilibaki sebuleni. Sikwenda kumsaidia.